Mtunzi apimwe kwa alto na tena

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nichangie mjadala usiokwisha kila wanakwaya wa huku Mbeya wanapokutana: nani anastahili kuitwa mtunzi mkuu kuliko wote? Wengi humtaja Handel kwa sababu ya "Haleluya" yake. Wengine Mozart, wengine Beethoven. Wapo wanaomtaja Enoch Sontonga, mwalimu wa Afrika Kusini aliyetunga mwaka 1897 tuni ambayo leo sisi na Wazambia tunaiimba kama wimbo wa taifa. Hoja hizi karibu zote zinaangalia wimbo umependwa na watu wangapi. Mimi nasema mtunzi apimwe kwa sauti za ndani, yaani alto (sauti ya chini ya wanawake) na tena (sauti ya juu ya wanaume), na kwa kipimo hicho Mjerumani Johann Sebastian Bach hana mpinzani.

Soprano, sauti ya juu kabisa, hupewa tuni, kwa hiyo karibu kila mtunzi huitendea haki. Besi, sauti ya chini kabisa, hubeba msingi. Alto ndiyo inayoachiwa makombo. Chukua karatasi ya solfa (noti za do, re, mi) ya wimbo wowote wa sauti nne, funika soprano, kisha uimbe alto peke yake. Ukikuta so, so, so, so, la, so, so, mistari miwili mizima, ujue mtunzi alikuwa anajaza nafasi tu. Madhara yake yanasikika waziwazi. Mwimbaji akirudia noti moja kwa muda mrefu pumzi inalegea, na noti inashuka kidogo kidogo bila yeye kujua. Alto ikishuka, tena inaifuata, na wimbo ulioanza kwenye ufunguo wa G unaishia karibu na F. Asubuhi za Juni na Julai huku Tukuyu, au kule Makete kwenye baridi kali zaidi, koo likiwa halijapata joto, ndiyo balaa kabisa. Mwalimu anawagombeza akina mama wa alto, kumbe kosa liko kwenye karatasi.

Sasa fanya jaribio hilohilo kwa nyimbo za ibada alizozipanga Bach. Zaidi ya 370 zilikusanywa na kuchapishwa kati ya 1784 na 1787, yeye akiwa amefariki tangu 1750. Imba alto peke yake: ina mwendo, inapanda, inashuka, ina mahali pa kupumua. Tena vilevile. Mwanakwaya aliyepewa sauti kama hiyo haiibi tuni ya soprano, kwa sababu anayo ya kwake.

Kuna wanaopinga kwamba tuni nyingi kati ya hizo si zake. Ni kweli. Ile tuni ya Ijumaa Kuu ambayo Walutheri na Wamoravian wanaijua vizuri ni ya Hans Leo Hassler, aliyeitoa mwaka 1601 kama wimbo wa mapenzi. Lakini angalia Bach alichoifanyia katika Mateso kwa mujibu wa Mathayo, mwaka 1727. Ameitumia mara tano, na mara nyingi mpangilio wa sauti unabadilika. Mara ya mwisho inakuja pale Yesu anapokata roho. Soprano inaimba tuni ileile, ila chini yake, maneno yanapofika kwenye hofu kuu ya kufa, sauti zinasogea kwa nusu hatua, ule umbali mdogo kabisa kati ya noti na noti, hadi msikilizaji anakosa mahali pa kushika. Kazi hiyo yote imefanywa na sauti ambazo watunzi wengine huzisahau.

Handel simdharau hata kidogo. Oratorio (simulizi ndefu ya dini inayoimbwa) yenye "Haleluya" aliiandika kwa siku 24 tu mwaka 1741, na pale soprano wanaposhikilia "Mfalme wa wafalme" huku wakipanda hatua kwa hatua, hakuna kanisa lisilosisimka. Hapo ndipo kwaya zetu huanguka, kwa sababu waimbaji wote wa soprano hupumua kwa pamoja. Wapeane zamu za kupumua katikati ya noti, kamwe si wawili waliokaa jirani. Beethoven, katika simfonia yake ya tisa ya 1824, anawashikisha soprano noti ya A ya juu muda mrefu kiasi kwamba wengi hupiga kelele. Mozart ndiye anayemkaribia Bach: ule wimbo wake wa ekaristi wa 1791 una bari 46 tu, yaani vipande vidogo vya mapigo, na hauna sauti iliyoonewa.

Bach pia alitunga akiwa na shida tunazozijua. Agosti 1730 aliliandikia baraza la mji wa Leipzig kuhusu wavulana wake wa kwaya: 17 wanafaa, 20 bado, 17 hawafai kabisa. Akaeleza kwamba kila kwaya inahitaji watu 12, watatu kila sauti, ili mmoja akiugua wimbo usikwame. Wakiwa 16 ni bora zaidi. Mwalimu yeyote wa kwaya ya mtaa aliyewahi kuletewa taarifa Jumamosi jioni kwamba tena hawapo anaielewa hesabu hiyo.

Kwa watunzi wetu, naomba wasiige sheria zake zote. Bach alikwepa sauti mbili kwenda sambamba kwa umbali wa noti tano. Wagogo wanaimba hivyo na ni utamu mtupu. Cha kuiga ni jinsi alivyoheshimu matamshi ya lugha yake. Kiswahili hukazia silabi ya pili kutoka mwisho. Basi soma ubeti kwa sauti huku ukipiga makofi, weka silabi hiyo kwenye pigo la kwanza au la tatu kama wimbo ni wa mapigo manne, na umalize mstari kwenye pigo dhaifu. Fanya hivyo kwa kila ubeti, maana ubeti wa kwanza hukaa vizuri na wa tatu ukalazimisha watu kutamka "Bwanaa".

Kwaya inayotaka kumjaribu Bach ianze na wimbo mmoja mfupi, bila kinanda. Wafundishwe besi kwanza, kisha tena waimbe na besi wawili tu, halafu alto waingie. Soprano waje mwisho kabisa, hata kama tuni wanaijua tayari.

Mwalimu wa kwaya,
Tukuyu, Mbeya