Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Chama cha Katuni ya Programu Huria, Kampala

Ndugu wanachama,

Kazi za kawaida mnazijua, sitawachosha. Katuni ilitoka kila mwezi isipokuwa Aprili, umeme uliposumbua. Sura tatu zimetiwa Kiganda. Vijana wawili wamejifunza Krita, programu huria ya kuchorea, tena kwa kompyuta yangu.

Nije kwenye pembe za Pepo, mhusika wa katuni yetu niliyemwondolea pembe mwaka huu, maana najua ndizo mnazozingojea. Pepo wetu, kwa Kiingereza “daemon”, anasimamia zile programu zinazofanya kazi chinichini bila kuonekana. Jina lilianza kwa mafundi wa chuo cha MIT, Marekani, mwaka 1963, waliolichukua kwenye fizikia: kile kiumbe cha kufikirika cha mwanafizikia Maxwell, kinachochambua molekuli bila kuchoka. Hamna shetani hapo. Nilimweleza hivyo kiongozi wa kanisa linalotuazima ukumbi bure. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, akaweka kidole juu ya karatasi, akauliza, “Na hizi pembe, mwenyekiti, nazo ni za fizikia?”

Nilizifuta usiku ule ule, na uma nikampokonya, nikampa tochi kama askari wa zamu. Ni kweli sikuitisha kikao. Niliwapigia simu wajumbe tisa wa kamati. Watatu walipokea, mmoja akiwa juu ya boda akasikia nusu. Ningemngoja nani?

Isitoshe, wanaosema nimewauzia wachungaji katuni hawajasoma leseni. Tux, yule pengwini wa mfumo wa kompyuta wa Linux, alichorwa na Larry Ewing mwaka 1996 kwa programu ya GIMP, naye aliruhusu yeyote amtumie mradi atajwe. Pepo mwekundu wa BSD, mfumo mwingine wa kompyuta, ana mwenyewe: hakimiliki ni ya Marshall Kirk McKusick. Wetu, mwekundu, mwenye pembe na uma, alikuwa pacha wake mtupu. Nililisema hilo tangu sura ya kwanza, na kumbukumbu za vikao zipo.

Wachoraji wawili wamejitenga, wamebeba sura zote na kuanzisha katuni yao yenye Pepo wa pembe. Leseni yetu inawaruhusu, na aliyeipendekeza ni mimi, kwa hiyo sina neno. Jina la chama wamelitaja, kwa herufi ndogo kama sisimizi.

Sasa ada. Kwenye katuni, Zombi ni programu iliyokwisha kufa ila mzazi wake, yaani programu iliyoianzisha, hajaja kuichukua, jina likabaki kwenye orodha. Kuiua huwezi, imeshakufa. Daftari letu lina majina 34. Waliolipa ni 11. Makusanyo shilingi 220,000, matumizi 265,000 kwa seva, viti, usafiri na rolex, zile chapati za kuviringishia mayai. Pengo la 45,000 nimeliziba mwenyewe na sijadai. Mkutano wa Julai nilikodi viti 40, mkaja tisa. Rolex 31 zilitoa jasho ndani ya kavera, mfuko wa plastiki, hadi jioni. Watoto wa jirani walikula vizuri siku hiyo.

Mwakani, Mungu akipenda, tutaandika sura ya Mama Namba Moja, programu inayotangulia nyingine zote kompyuta ikiwaka, anayelea programu yatima zilizofiwa na mzazi, na huenda tukapata mfadhili. Lile ombi la kumbadilisha Nyumbu, nembo ya mradi wa programu huria wa GNU, awe korongo, kwa kuwa nyumbu wengi wetu tumemwona kwenye televisheni tu, tutalitazama wakati ukifika.

Mkutano ni Jumamosi saa nane, ukumbi ule ule. Safari hii nimekodi viti 15.

Mwenyekiti