Somo, usiikatae posho hiyo

Mwanga, Kigoma
12 Aprili 2025

Somo wangu,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na watoto. Huku tu wazima. Mvua bado zinatupiga, na ile barabara ya kushuka Kibirizi sasa ni tope tupu.

Barua yako niliipata Jumatatu. Unasema umepewa usimamizi wa ghala na posho ya madaraka ya 60,000 kwa mwezi, nawe unataka kuikataa kwa sababu mshahara utavuka daraja la kodi na kodi itaulamba wote. Halafu ukamalizia: "Si wewe mwenyewe uliyenifundisha?" Ni kweli, nilikufundisha. Ndiyo maana sikukupigia simu, nimekaa chini na kalamu.

Unakumbuka Aprili ya 2023, nilipokataa 20,000 za kushika funguo za stoo ya pili? Mshahara wangu ulikuwa 840,000. Nikapiga hesabu kichwani: ikiongezeka hiyo ishirini, naingia kwenye daraja la kodi la 25%, nitarudi nyumbani na pungufu. Tukajipongeza kwa migebuka ya kuchoma, wewe ukalipa.

Sasa mwezi uliopita kijana wangu alikuja likizo na kompyuta mpakato, akanianzishia Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta. Nikamwambia programu yangu ya kwanza itakokotoa PAYE, kodi inayokatwa kwenye mshahara kila mwezi, maana hiyo naijua vizuri. Naijua!

Usiku wa kwanza uliliwa na kosa la kitoto. Niliingiza 840000, nikaiambia izidishe kwa 10 nione. Ikanitolea 840000840000840000 na kuendelea, mara kumi, namba ndefu kama treni ya mizigo. Kumbe unachokiandika kwa kibodi Python inakipokea kama maandishi, na maandishi ukiyazidisha kwa 10 yanarudiwa tu. Dawa ni kukipitisha kwanza kwenye int(), inayokigeuza kuwa namba. Na mkato usiweke, 840,000 inaitema.

Usiku wa pili nikaweka masharti. Niliyapanga kama jedwali la TRA, wale wa Mamlaka ya Mapato, linavyosomeka, kutoka juu kwenda chini: kama kipato kinazidi 270,000, toza 8%, la sivyo, kama kinazidi 520,000, toza 20%, na kuendelea. Kila niliyemweka, hata wa milioni mbili, alitozwa 8%. Nilihangaika mpaka kijana aliposema, bila hata kuinua macho kwenye simu yake, "Baba, milioni mbili si nayo imezidi laki mbili na sabini?" Mashine ikikuta sharti la kwanza lililo kweli inaishia hapo, mengine haiyagusi. Nikaligeuza jedwali, nikaanza na milioni moja.

Hapo programu ikakubali kila kitu. Hakuna mstari mwekundu, hakuna lawama. Nikaweka mshahara wangu: 840,000, toa 10% ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, inabaki 756,000 ya kutozwa kodi, mara 20%. Kodi 151,200.

Nikaenda kabatini kuchukua hati ya mshahara, nijisifu. Hati inasema PAYE 67,200.

Somo, unajua nilichofikiri? Nilifikiri mhasibu wetu ananikata kidogo. Kwamba miaka yote hii nalipa chini ya nusu, na siku wakigundua watanikata malimbikizo mpaka nife. Sikulala. Asubuhi nikamfuata yule mama wa uhasibu, nikafunga mlango, nikamwuliza kwa sauti ya chini kama mtu aliyeiba. Hakucheka, namshukuru. Alichukua karatasi kuukuu ya kupokelea mzigo, akaigeuza, akaandika:

270,000 — sifuri
250,000 kwa 8% — 20,000
236,000 kwa 20% — 47,200

Akajumlisha upande wa kushoto, 756,000. Akajumlisha wa kulia, 67,200. Akanirudishia kalamu yangu.

Ni kama kupima mawese: dumu la kwanza likijaa unaanza la pili, la kwanza hulimwagi. Ile 20% inagusa tu kilichozidi 520,000. Na zile 20,000, 68,000 na 128,000 zilizoandikwa kwenye jedwali, ambazo mimi nilidhani ni aina ya ada nikaziruka, ni kodi ya madumu yaliyokwisha kujaa. Jedwali lilikuwa linaniambia siku zote. Programu yangu haikuwa na ubovu wowote wa kimashine. Ilifanya sawasawa nilichoamini.

Nikaiandika upya. Hata hapo niliteleza: kwenye mstari wa mwisho nilisema wote waliobaki watozwe 8% ya kilichozidi 270,000. Nikajaribu mshahara wa 200,000. Baada ya NSSF unabaki 180,000, na programu ikatoa kodi ya -7,200, yaani serikali ndiyo inamlipa. Ningependa, lakini hapana. Hii hapa iliyokaa sawa, kipato kikiwa ni mshahara ukishatolewa NSSF (if ni "kama", elif ni "la sivyo, kama", else ni "la sivyo", na nyota ni kuzidisha):

if kipato > 1000000:
    kodi = 128000 + (kipato - 1000000) * 0.30
elif kipato > 760000:
    kodi = 68000 + (kipato - 760000) * 0.25
elif kipato > 520000:
    kodi = 20000 + (kipato - 520000) * 0.20
elif kipato > 270000:
    kodi = (kipato - 270000) * 0.08
else:
    kodi = 0

Kuipima, usiweke namba za katikati, weka za mpakani. Ile ya zamani kwenye 760,000 ilitoa 152,000, na kwenye 760,001 ikatoa 190,000. Shilingi moja inakugharimu elfu thelathini na nane! Ningeijaribu hiyo mapema nisingemwendea mama wa watu na mlango uliofungwa. Hii mpya inatoa 68,000 pande zote mbili, na senti zake.

Kisha, kwa ubishi wangu, nikaweka ile 860,000 niliyoikataa. Ningebaki na 702,500 mkononi badala ya 688,800. Ni 13,700 kila mwezi, kwa miezi ishirini na minne. Zidisha mwenyewe, mimi nimeshazidisha na mama watoto hajaambiwa.

Haya, yako. Sasa unapata 830,000: NSSF 83,000, PAYE 65,400, unabaki na 681,600. Ukichukua posho inakuwa 890,000: NSSF 89,000, kipato 801,000, PAYE 78,250, unabaki na 722,750. Daraja umevuka kweli, lakini kilichovuka ni 41,000 tu. Unaongeza 41,150. Chukua hati yako ya mwezi uliopita ulinganishe na hizo 65,400. Zikitofautiana, nitumie picha yake tuone nimekosea wapi tena.

Bosi wako umesema anataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi, kwa hiyo barua hii nampa jirani anayepanda treni kuja huko Tabora. Dagaa nilitaka kukutumia lakini usiku huu mwezi umejaa, mitumbwi imelala, na waliopo sokoni ni wa wiki iliyopita kwa bei ya kutisha. Asali lakini nileteeni. Na ile migebuka ya 2023, safari hii nalipa mimi.

Wako,
Somo