Barua ya wazi kwa Mkuu wa Wilaya: korongo likaguliwe kabla ya mvua za vuli

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya,

Nakusalimu kwa jina la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania.

Mimi ni mkazi wa mtaa unaopakana na kambi ya jeshi hapa wilayani kwako, Arusha, upande ule wa korongo. Ni mama wa watoto watatu, nafuga ng'ombe wa maziwa, nalima maharage na migomba. Nimeamua kukuandikia hadharani kwa sababu barua tulizopitisha kwa mwenyekiti wa mtaa, kwa mtendaji wa kata na kwa diwani ziligongwa mhuri wa kupokelewa, na baada ya mhuri hatukusikia lolote. Wewe ndiye mwenyekiti wa Kamati ya Ulinzi na Usalama ya Wilaya. Zaidi yako sijui niende kwa nani, na kwa lililotokea wiki iliyopita siwezi tena kusubiri.

Ilikuwa jioni. Mwanangu wa darasa la tatu na wenzake wawili walipanda kutoka korongoni wamebeba chuma ndani ya sweta la shule. Mimi nilikuwa zizini nakamua. Nikasikia bomba limefunguliwa, nikapaza sauti kuuliza ni nani anayemwaga maji, nikajibiwa, "Mama, tunaosha skrepa." Walikuwa wanakisugua kwa mchanga, kwa sababu kijana anayepita na mzani kununua vyuma chakavu hukata uzito akiona udongo. Nilipotoka nikakiona: kimeota kutu, kinene katikati, kimechongoka mbele, na nyuma kina vibati vilivyopangwa kama mapezi ya samaki. Mwanangu alikuwa amekipakata.

Nilimwambia akiweke chini taratibu, asikidondoshe, asogee kwangu. Sauti yangu mwenyewe sikuitambua. Mama mkwe wangu, ambaye wajukuu wanamwita koko, alikuwa ameketi mlangoni na mguu wake mbovu, hawezi kukimbia. Jirani alimbeba mgongoni hadi barabarani. Mzee mmoja wa mtaa wetu, mstaafu wa jeshi, alikitazama kwa mbali akasema ni bomu la kurushwa na mzinga mdogo, na kwamba kwa anavyoona yeye halijalipuka. Polisi walifika usiku wakatuzuia kurudi ndani. Tulilala kwa watu. Ng'ombe walilia usiku kucha. Kesho yake wakaja wataalamu, wakakichukua, wakaondoka. Mmoja wao alimshika mwanangu kichwani akamwambia, "Mna bahati." Basi. Hakuna aliyetuambia kama kilikuwa hai au kilikuwa cha mazoezi tu, kilifikaje korongoni, wala kama viko vingine. Siku iliyofuata milio ya mazoezi ya kambini ikaanza tena asubuhi na mapema, watoto wakiwa darasani.

Mheshimiwa, naomba nisieleweke kwamba nalipinga jeshi. Baba yangu mzazi alikwenda vita vya Kagera mwaka 1978 na akarudi na jeraha alilozikwa nalo. Kila tarehe 1 Septemba, siku jeshi letu lilipoanzishwa mwaka 1964, nyumbani kwetu ilikuwa siku ya kumsikiliza mzee akisimulia. Nimelelewa kwa mshahara wa askari. Najua askari asiyefanya mazoezi anapelekwa kufa, na najua risasi hazifanyiwi mazoezi kwa mdomo. Ndiyo maana naumia zaidi. Baba alikuwa akituambia kwamba kabla ya kurusha risasi ya moto kwenye mazoezi, jambo la kwanza ni kuhakikisha raia wanajua, bendera nyekundu inapanda, walinzi wanawekwa njiani. Na jambo la mwisho, kabla ya kwenda kula, ni kuhesabu vilivyorushwa na kutafuta ambavyo havikulipuka. Hayo hakuyasoma gazetini, aliyafanya.

Sasa nikukumbushe. Ulipokuja kwenye mkutano wa hadhara uwanja wa shule, kabla ya uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2024, ulisimama mbele yetu, watu wamejaa hadi kwenye ngazi za madarasa, ukaahidi kwamba kila kabla ya mazoezi gari la matangazo litapita mtaani. Ukaahidi bendera nyekundu itaonekana kutoka barabarani. Ukaahidi mpaka utawekwa alama zinazosomeka. Tulikupigia makofi. Mimi nilipiga. Gari la matangazo lilipita mwanzoni, kisha likaacha. Bendera sijaiona. Alama zilizowekwa ni mawe yaliyopakwa chokaa, na mvua ya kwanza ya masika iliifuta chokaa yote. Mwenyekiti wa mtaa tukimuuliza anasema naye anasikia milio kama sisi tunavyoisikia.

Kwa nini tumefika hapa? Kwa kuwa hakuna anayetueleza, tunakisia. Wapo wanaosema tumeifuata kambi, tumejenga mdomoni mwa bunduki, tukubali. Hilo linanichoma. Viwanja vyetu tuliuziwa mchana kweupe, viongozi wa mtaa wakisaini, wapimaji wakipanda vigingi, na kodi ya jengo tunalipa. Kama eneo halikufaa watu kuishi, aliyepaswa kulijua hilo si mimi niliyekopa kwenye kikoba kununua matofali. Wengine wanadhani mazoezi yamesogezwa huku kwa sababu upande wa pili mji nao umejaa. Inawezekana.

Kuhusu chuma kilichookotwa, mimi nina fikra yangu. Udongo wetu huu wa chini ya Mlima Meru ni wa majivu ya volkano, mwepesi, laini. Kitu kizito kikianguka kinazama bila kugonga pagumu, na bomu ambalo halikugonga pagumu linaweza lisilipuke. Halafu inakuja masika, maji yanashuka kwa nguvu, kingo za korongo zinamomonyoka kila mwaka, tumeona migomba mizima ikisombwa. Kilichozama kule juu kinaletwa huku chini tunakochota mchanga wa kujengea na wanakochezea watoto. Mimi si mtaalamu. Lakini nimeishi kandokando ya korongo hili miaka mingi na najua linabeba nini.

Mtaniambia naogopa kivuli. Mheshimiwa, Novemba 2017 katika Shule ya Msingi Kihinga, wilaya ya Ngara, mtoto alifika shuleni na chuma alichokiokota, akidhani ni cha kuuza kwa skrepa. Kililipuka. Wanafunzi watano walikufa na wenzao wengi wakajeruhiwa. Bomu lile halikuhusiana na kambi yoyote ya mazoezi, najua. Lakini alikuwa mtoto wa shule ya msingi kama mwanangu na alikuwa na wazo lilelile, la kupata shilingi mia chache kutoka kwenye mzani.

Na kwa majirani zetu Kenya, huko Archer's Post na Dol Dol, wafugaji Wamaasai na Wasamburu waliuawa na kukatika viungo kwa miaka mingi na mabomu yasiyolipuka yaliyoachwa kwenye maeneo yanayotumika kwa mazoezi ya kijeshi. Mwaka 2002 serikali ya Uingereza, ambayo askari wake walikuwa wakifanya mazoezi huko, ilikubali kulipa fidia ya pauni milioni 4.5 kwa zaidi ya watu 200. Koko ana ukoo hadi upande ule wa mpaka. Aliposikia tunazungumzia chuma kile alisema neno moja tu kwa Kimaasai, akafunika uso kwa shuka. Wale watu walichunga mbuzi kwenye ardhi iliyoonekana safi.

Mbagala sihitaji kukukumbusha. Tarehe 29 Aprili 2009 ghala la silaha lililipuka katikati ya makazi ya watu, na kabla miaka miwili haijaisha, usiku wa tarehe 16 Februari 2011, ikawa Gongo la Mboto. Watu walikufa, watoto walipotezana na wazazi wao usiku wakikimbia. Yale yalikuwa maghala, yetu ni mazoezi, nakubali kuna tofauti. Kinachofanana ni kwamba silaha na nyumba za watu vilikaa karibu mno, na raia hakuwa amefundishwa akimbilie wapi.

Kuhusu maisha yetu ya kila siku nitasema kidogo tu, ingawa yamenijaa kifuani. Nyumba yangu ina ufa unaoanzia kwenye lenta ya chumba cha watoto hadi chini. Fundi aliuziba, ukarudi. Ng'ombe wangu mmoja alitupa mimba siku ya milio mikubwa. Bwana mifugo hakuthibitisha kwamba ni mshtuko, alisema huenda, na mimi nakuandikia "huenda" vilevile alivyosema. Ndama yule ndiye aliyekuwa ada ya binti yangu wa sekondari. Mpangaji wangu alihama. Koko presha inampanda kila mlio unapotoka bila taarifa. Tukijua mapema tunampeleka kwa shemeji yangu Usa River akapumzike, tusipojua tunamkuta amejikunja chini ya meza. Tena tangu wiki iliyopita mwanangu amerudia kukojoa kitandani na hataki kusikia neno skrepa.

Ibara ya 18 ya Katiba yetu inasema kila mtu ana haki ya kupewa taarifa wakati wote kuhusu matukio muhimu kwa maisha na shughuli za wananchi. Siombi siri za jeshi. Sitaki kujua ni bunduki gani, ni askari wangapi, ni zoezi la nini. Nataka kujua Jumanne nisimpeleke koko kliniki kwa njia ya korongo. Hiyo siyo siri ya nchi. Meseji moja kwa mwenyekiti wa mtaa siku moja kabla inatosha, yeye tutamlazimisha atutangazie. Bendera nayo ipande, ionekane. Mpaka uwekwe nguzo za zege, maana chokaa mmeshaona mwisho wake. Walimu wa shule yetu wapewe mtu wa kuja kuwaonyesha watoto picha za vitu wasivyopaswa kugusa, kwa saa moja tu. Na vijana wa skrepa waambiwe kwamba wakiletewa kitu cha namna ile watoe taarifa badala ya kukipima.

Najua utaniambia mengine yanahitaji vikao, mengine fedha, mengine si ya mamlaka yako bali ya makao makuu. Sawa, yaende huko, tutayafuatilia. Lakini kukagua korongo ni jambo unaloweza kuliomba leo kwa simu, wewe kama mwenyekiti wa kamati, na likafanyika wiki hii. Ni mwendo wa asubuhi moja kutoka mpaka wa kambi hadi kwenye daraja la barabara kubwa. Waje watu wenye vifaa, wapite hatua kwa hatua, watuambie pako salama au hapako salama. Wakisema pako salama nitawashukuru mbele ya mkutano. Wakikuta kingine, basi tutakuwa tumemwokoa mtoto wa mtu.

Vuli inaanza mwishoni mwa Oktoba. Maji yakishuka yatafukua na kufukia upya, na atakayekiona cha pili anaweza kuwa mtoto ambaye mama yake hayupo zizini hapo karibu. Tuma watu wakague korongo kabla ya mvua, Mheshimiwa. Yote mengine yakisubiri bajeti, hili lisisubiri.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mzazi na mkazi wa mtaa wa korongoni,
Arusha