Mtu mmoja asife mara tatu gazetini

Bwana Mhariri,

Katika safu yenu ya habari za mtandaoni mmeanza kunukuu tovuti ambazo kila mkaaji wa Goma, huku mashariki mwa Congo, anajua zinapigia debe upande gani katika vita hivi. Hatuwaombi mziache. Tunaomba mzichambue kwanza, maana tovuti za aina hiyo mara chache hubuni habari nzima. Huchukua jambo la kweli na kulivuta. Uongo mtupu ni rahisi kuushika. Ukweli uliovutwa ndio unaopenya hadi meza ya mhariri mwangalifu, na jioni yake uko kwenye kila kundi la WhatsApp kuanzia Birere hadi Sake.

Anzeni na idadi ya waliokufa. Baada ya mapigano ya mwisho wa Januari 2025, waasi wa M23 walipouteka mji wetu, zilitoka tarakimu kadhaa, zote zikiwa na mwenyewe anayejulikana. Mwanzoni mwa Februari, Umoja wa Mataifa ulitaja miili 900 iliyokuwa katika vyumba vya maiti vya hospitali za Goma, kisha ukaongeza mingine 2,000 iliyokuwa imeokotwa mitaani, jumla 2,900. Tarehe 24 Februari Waziri Mkuu wa Congo, Judith Suminwa, aliliambia Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa huko Geneva kwamba waliokufa mashariki mwa nchi tangu Januari wamezidi 7,000, wakiwemo zaidi ya 3,000 wa Goma.

Tarakimu hizo hazigombani. Ya kwanza ni ya vyumba vya maiti kwa siku fulani, ya pili inaongeza waliookotwa nje, ya tatu ni ya eneo zima la mashariki. Lakini mwenye upande wake anaweza kuandika "7,000 wauawa Goma", na wa upande wa pili akang'ang'ania 900 na kuwaita wengine waongo, na wote wawili wakakuonyesha chanzo. Kwa hiyo kuuliza nani amesema hakutoshi. Ulizeni pia: wamehesabiwa wapi, kuanzia siku gani hadi siku gani? Hospitali huhesabu waliofika kwake. Majeruhi aliyefia wodini yumo tayari katika orodha ya majeruhi, kisha anaingia ya chumba cha maiti, kisha ya waliozikwa. Mwandishi mwenye haraka akijumlisha orodha zote, mtu mmoja amekufa mara tatu.

Kichwa chenyewe cha habari kitazameni kitenzi chake. "Yafichuka", "yabainika", "yadaiwa": aliyefichua yuko wapi? Shukeni hadi aya ya tatu au ya nne mkamtafute mtu mwenye jina, cheo, mahali na siku aliyosema. Mkikuta "chanzo chetu cha kuaminika" tu, hapo hamna habari ya kunukuu. Mkikuta maneno ya mtu, nakilini sita au saba mfululizo, myaweke ndani ya alama za kunukuu na kuyatafuta mtandaoni. Tovuti tano zenye sentensi ileile neno kwa neno ni chanzo kimoja, hata kama mbili ziko Kinshasa na moja Kigali. Mnapolinganisha saa za kuchapishwa, kumbukeni kwamba Kinshasa iko saa moja nyuma ya Goma na Kigali. Mkisahau hilo, mtadhani aliyenakili ndiye aliyetangulia.

Picha ndizo zenye kazi zaidi. Kwa simu, hifadhini picha yenyewe, siyo skrinshoti ya ukurasa, na mkate maandishi yaliyobandikwa juu yake. Ipelekeni kwenye mitambo ya kutafuta picha mtandaoni, Google Lens kwanza, kisha TinEye, ambako mtapanga matokeo kuanzia ya zamani zaidi. Ikikosekana, igeuzeni kushoto iwe kulia mrudie, maana wapo wanaoigeuza makusudi ili isitambulike. Kibao cha duka kinachosomeka kinyumenyume kitawaambia mapema. Video itolewe picha nne au tano, moja kila mandhari inapobadilika, na kila moja itafutwe peke yake. Msihangaike na tarehe iliyofichwa ndani ya faili ikiwa picha imetumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, kwa sababu imeshafutwa. Na mtambo ukikosa kitu, msiichukue hiyo kuwa hati ya ukweli. Haujaiona tu.

Pale mtambo unaposhindwa, macho ya mwenyeji hufaa. Goma tunakanyaga mawe meusi ya volkano, na kuta nyingi zimejengwa kwa jiwe hilohilo. Udongo mwekundu na nyumba zilizopandana mlimani ni Bukavu zaidi kuliko huku, na kichuguu kirefu kwenye tambarare kinaelekeza Lubumbashi. Congo na Rwanda magari hupita kulia, Uganda na Tanzania kushoto. Angalieni upande wa barabara, siyo upande wa usukani, maana magari yenye usukani wa kulia yapo hata kwetu. Jua letu huzama karibu saa kumi na mbili jioni mwaka mzima, kwa hiyo video ya "leo saa mbili usiku" yenye vivuli vya mchana haihitaji mtaalamu.

Nyiragongo, volkano iliyo jirani na mji wetu, nayo ina vichwa vyake vya habari. Anga likiwa jekundu usiku, basi volkano "iko karibu kulipuka". Kwa miaka mingi kabla ya mlipuko wa 22 Mei 2021 kreta ilikuwa na ziwa la lava, na mwanga wake ulipaka mawingu wekundu watu wakiwa wamelala. Nyamulagira, volkano jirani yake, hufanya vivyo hivyo. Kinachofaa kunukuliwa ni taarifa ya OVG, kituo cha Goma kinachochunguza volkano, yenye tarehe na rangi ya tahadhari: kijani, njano, ya chungwa au nyekundu. Tovuti inayotaja hatari bila kutaja rangi, iacheni.

Hata hivyo msije mkakataa kila kitu kwa sababu tu kimeandikwa na upande msioupenda. Pimeni habari kwa hasara inayomletea mwenye kuiandika. Tovuti ikikiri kwamba watu wake wamepoteza kijiji, ungamo hilo lina uzito kuliko vichwa ishirini vya ushindi.

Kwa gazeti lenu tunaomba mambo machache. Chini ya kila habari iliyotoka kwa tovuti hizo, andikeni iko upande gani, mmethibitisha nini wenyewe na kwa njia ipi. Hifadhini ukurasa kwenye Wayback Machine, ghala la mtandaoni linalotunza nakala za kurasa, kabla ya kuwaandikia wenye tovuti, kwani wakiulizwa wanaweza kubadilisha kichwa na kuacha tarehe ya zamani palepale. Mkikanusha, msichapishe picha ya kichwa chao bila kukikata mstari mwekundu katikati, la sivyo kuna atakayeikata na kuisambaza bila maelezo yenu. Na mkisahihisha, sahihisho litoke ukurasa uleule uliobeba kosa, kwa herufi za ukubwa uleule, siyo chini ya matangazo ya vifo.

Wasomaji wenu, wahakiki wa habari na picha,
Goma