Mdogo wangu, mashine ya kukamulia isubiri kwanza

Wisconsin, Marekani
Februari

Mdogo wangu mpendwa,

Kabla hujaendelea kusoma, nipelekee shikamoo kwa Baba na Mama, na kwa shangazi pale juu kanisani. Sisi huku tu wazima. Kinachotusumbua ni baridi tu. Wiki hii imeshuka hadi nyuzi 20 chini ya sifuri, na maziwa yakimwagika uani yanaganda kabla hujachukua fagio.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikia wote. Unataka nitume hela ya mashine ya kukamulia, kisha fundi aanze banda jipya kama hili la ng'ombe ninalofanyia kazi huku, uliloliona kwenye video yangu. Hela ipo kiasi, na nitaituma. Ila mashine isubiri kwanza. Nipe nafasi nikueleze, halafu ubishe, maana kubisha hujaacha.

Ng'ombe wetu ni watatu. Mashine hata ile ndogo ya ndoo moja ina mipira inayoingia kwenye chuchu, na mipira hiyo inataka kuoshwa kwa maji moto na sabuni kila baada ya kukamua, kisha kubadilishwa ikichakaa. Mvuto wake usipokuwa sawa unaumiza ncha ya chuchu, na hapo ugonjwa wa kiwele umepata mlango. Umeme nao unaujua mwenyewe. Mama atakuwa amemaliza ng'ombe wote watatu na kuanika ndoo wakati wewe bado unaosha mipira.

Ninachotaka uige hapa si mashine, ni yale yanayofanyika kabla na baada yake. Kabla ya kukamua, michirizi ya kwanza kutoka kila chuchu tunaikamulia pembeni na kuitazama: kukiwa na mabonge au majimaji, ng'ombe huyo maziwa yake hayaingii tangini. Chuchu zinafutwa kwa kitambaa, na kila ng'ombe na kitambaa chake. Tukimaliza, kila chuchu inachovywa kwenye dawa ya iodini. Halafu ng'ombe anakuta chakula kibichi horini ili abaki amesimama kama nusu saa, maana tundu la chuchu bado liko wazi na akilala kwenye samadi anavuta uchafu ndani. Kikombe, vitambaa na dawa ya kuchovya havifiki hata robo ya bei ya hiyo mashine.

Sasa nije kwenye maji, maana hapo ndipo nilipotaka kufika tangu mwanzo.

Huku bosi anatumia umeme mwezi baada ya mwezi kupasha moto mabirika ya kunyweshea ng'ombe ili maji yasigande. Analalamika kuhusu bei ya kila kitu, ya mashudu, ya dizeli, ya vipuri, ila kuhusu umeme wa mabirika sijawahi kumsikia akisema neno. Maziwa karibu asilimia 87 ni maji. Ng'ombe wa lita 15 kwa siku anaweza kuhitaji lita 60 hadi 80 za kunywa, na wakati wa joto zaidi. Pale nyumbani wanakunywa asubuhi, kisha wanasubiri watoto warudi shule wachote. Yule ng'ombe wetu Malaika anakula majani ya mabingobingo makavu mchana kutwa mdomo umekauka, halafu tunasema mbegu yake si nzuri. Mpe maji yaliyo mbele yake usiku na mchana, uone kabla hujamlaumu dume.

Maji hayo yatatoka wapi? Yatoke kwenye bati. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Banda la mita 6 kwa 10 lina mita za mraba 60, kwa hiyo mvua ya milimita 20, ambayo kwetu masika ni ya jioni moja tu, inakupa kama lita 1,200, ukitoa kidogo kinachopotea. Bati lililopo linamwaga yote hayo mlangoni kwa Mama na kutengeneza tope. Weka gata, weka simtanki juu ya msingi wa mawe ulioinuka kuliko birika, na maji yatashuka yenyewe bila pampu. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi iachie imwagike, kwa sababu inabeba vumbi na vinyesi vya ndege. Mdomo wa tangi uufunge kwa wavu, la sivyo utakuwa unafuga mbu.

Kuhusu banda lenyewe, usinijengee la Wisconsin. Hili uliloliona lina mapazia pembeni ya kuzuia upepo wa baridi, na mafeni makubwa ya kiangazi, na linabeba ng'ombe mamia. Kwetu upepo ni rafiki. Jenga ukuta mmoja tu, upande ule mvua inakotokea, na pande nyingine ziwe nguzo na mbao. Urefu wa banda uelekee mashariki na magharibi ili jua la asubuhi na la alasiri lisiingie mpaka ndani. Paa liinuke, lisiwe la kugusa kwa mkono.

Kinachofaa kuchukuliwa huku ni sakafu na kitanda. Ng'ombe anapenda kulala zaidi ya nusu ya siku, na akilala ndipo anapocheua vizuri. Akiwa na mahali pabovu anasimama, kwato zinaoza, maziwa yanapungua. Kwa hiyo kila mmoja apate chumba chake cha kulalia, upana mita 1.2 na urefu kama mita 2.2, sakafu yake imeinuka kidogo kuliko njia ya samadi. Ndani usimwage zege. Shindilia udongo, juu yake weka mchanga au maranda ya mbao, uwe unaongeza. Mbele juu ya shingo pitisha mti mmoja wa kumzuia asisogee mbele sana, ili akinya, kinyesi kiangukie njiani na si kitandani. Kipimo cha huku cha kitanda ni magoti: mtu anajiangusha kwa magoti yake mwenyewe, na kama yanauma, ng'ombe naye anaumia. Nimemwona bosi, mzee wa watu, akijipigiza magoti hivyo mbele ya vijana wake bila aibu.

Njia ya samadi ndiyo ya zege. Mwambie fundi mteremko uwe sentimita 2 hadi 3 kwa kila mita, mkojo utiririke wenyewe mpaka shimoni. Halafu msimamie siku ya kumwaga, kwa sababu mafundi wetu wanapenda kupiga niru na kung'arisha sakafu kama ya sebule. Ng'ombe mwenye mimba akiteleza hapo akapanua miguu, umempoteza. Zege likiwa bado bichi, pitisha fagio gumu kwa kukatisha njia, liache mistari.

Haya, wadudu. Hapa ndipo nakuomba usinisikilize sana mimi wa Wisconsin, kwa sababu huku baridi ni dawa ya bure. Nzi wanapotea miezi kadhaa. Viwavijeshi vamizi, wale waliotokea upande huu wa dunia na kuonekana Afrika mwaka 2016, hapa hawavuki majira ya baridi. Wanakufa, na kila mwaka wanalazimika kuletwa upya na upepo kutoka kusini. Kwetu hakuna kitu cha kuwakatia. Kwa hiyo mtu akikuambia Wazungu hawaogeshi ng'ombe wao kwa dawa ya kupe kila wiki, mwambie Wazungu hawana ndigana kali, ule ugonjwa wa ng'ombe unaoletwa na kupe.

Kupe wa ndigana kali ni yule wa kahawia anayependa masikio. Hata ng'ombe wasiotoka bandani wanampata, anakuja na majani yaliyokatwa barabarani ambako mifugo ya watu inapita. Mvua zikianza anazidi. Sasa nimekuona kwenye video unavyoogesha: bomba la mgongoni, unampitishia ng'ombe mgongoni na mbavuni, umemaliza. Huyo hujamwogesha. Dawa iingie ndani ya masikio, chini ya mkia, katikati ya mapaja, kwenye kiwele, mpaka manyoya yalowe na kuchuruzika. Mfungie kwanza kwenye mbao mbili zilizobana, kisha anza kichwani. Na dawa ipimwe kwa kipimo cha kwenye chupa. Ukiongeza maji ili itoshe wiki ijayo, kupe wachache wanaobaki ndio wanaozaa, na baada ya muda dawa hiyo inakuwa maji matupu kwako na kwa jirani. Dawa ikianza kushindwa hata ukiipima sawasawa, usibadilishe chapa tu, badilisha aina. Dukani majina matano tofauti yanaweza kuwa dawa ileile moja. Mwonyeshe bwana mifugo chupa, asome kiambato. Na siku za kusubiri kabla ya kuuza maziwa zimeandikwa hapohapo.

Ndama wawili hao nataka wachanjwe. Chanjo ya ndigana kali inatolewa mara moja katika maisha ya mnyama: mtaalamu anamdunga vimelea hai vilivyotunzwa kwenye naitrojeni ya kimiminika, na papo hapo anamdunga dawa ya oksitetrasaiklini, ile ya kudumu muda mrefu, ili ugonjwa usimzidi. Wafugaji wa Kimasai kaskazini wameitumia miaka mingi, kwa hiyo si kitu cha majaribio. Inauma mfukoni, najua, ndiyo maana nimeitengea hela yake. Lakini kuogesha kusiachwe baada ya hapo, kwa sababu kuna ndigana baridi, kuna ugonjwa wa kukojoa damu, yote ya kupe, na chanjo hii haiyagusi. Ukiona tezi chini ya sikio imevimba, mnyama ana homa na anahema kwa shida, usimpe mitishamba kwanza. Piga simu siku hiyohiyo.

Na ndama anapozaliwa: dang'a, yale maziwa ya kwanza ya mama yake, lita 3 au 4, ndani ya saa sita za kwanza, kabla mtu yeyote hajafikiria kukamua kwa ajili ya nyumba. Kitovu kichovye kwenye iodini. Huku hilo halina mjadala, hata ndama akizaliwa saa nane usiku.

Nzi sina mengi. Rundo la samadi lililo nyuma ya jiko lihame. Kwenye joto letu yai la nzi linakuwa nzi mzima kwa muda wa siku kumi hivi, kwa hiyo ukizoa mara mbili kwa wiki, kila mara unawakatia njiani. Rundo jipya lifunike kwa nailoni nyeusi. Joto linaua funza. Kuku wachakure pembezoni, hiyo ni kazi yao.

Mama ameniambia dumuzi, wale wadudu wa mahindi, wamerudi ghalani. Huyo mdudu naye asili yake Amerika ya Kati; kwetu alibainika Tabora kwenye mwanzo wa miaka ya 1980, na hajaondoka. Ununue ile mifuko isiyopitisha hewa, yenye nailoni mbili ndani ya kiroba. Wadudu wanamaliza hewa iliyomo, wanaacha kula, wanakufa, na hakuna dawa inayogusa chakula. Sharti mahindi yawe makavu kweli. Mama apime hivi: achukue chupa kavu yenye mfuniko, atie chumvi kavu kidogo na punje, atikise, aiache kama robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi yarudi juani. Ikianguka chini, afungashe, akamue hewa yote, afunge kila nailoni peke yake. Mifuko ikae juu ya mbao, isiguse ukuta, kwa sababu panya akitoboa tundu moja kazi yote imeharibika. Nguzo za ghala uzivishe bati, kama koni iliyotazama chini, usawa wa kiunoni, na majani yote yanayolizunguka yafyekwe. Sumu ya panya usiniwekee, mbwa wa Baba atakuwa wa kwanza kuila.

Basi hela nitakazotuma mwisho wa mwezi zitumike kwa utaratibu huu: gata na simtanki kwanza, kabla masika hayajaanza, kisha chanjo ya ndama, kisha saruji ya njia ya samadi. Mifuko ya mahindi nitamtumia Mama mwenyewe kwenye simu yake, wewe usiiguse. Vyumba vya kulalia utavijenga kwa miti ya pale shambani, mikaratusi ile ya bondeni imeshakomaa, muulize Baba kwanza. Nipigie picha ya vipimo fundi akishaweka kamba, kabla hajachimba. Saa moja jioni ya huko ni saa nne asubuhi huku, nakuwa nimetoka zamu, nitapokea.

Mashine tutaizungumza ng'ombe wakifika wanane.

Mama nimemwekea soksi za sufu kwenye mzigo wa yule kijana wa Usa River anayekuja Pasaka. Baba asimwambie daktari kwamba ameacha chumvi wakati hajaacha.

Ni mimi dada yako