Yaya, mashini ingoje kwanza

Yaya,

Mesaji nimeiona, ati kuku zako 60 hapo Goma zimeacha kutaga na sasa unataka ununue mashini yako ya kuchanganya provende (chakula ya kuku) ili usidanganywe tena. Nimecheka kidogo, usikasirike, juu mi niko ndani ya hii kazi miaka tatu na mashini haijawahi kuniangusha, chenye kinaniangushaga ni vitu naingiza ndani yake.

Mwezi uliopita nilinunua saki mbili za unga wa sambaza, zile samaki ndogo za ziwa, kwa mama moja huku Kadutu, Bukavu, harufu safi, bei nzuri, nikabeba. Kufika nyumbani nikatia vijiko tano kwa glasi ya maji, nikakoroga, nikangoja. Samaki inaeleaelea tu, na chini kabisa kumetulia muchanga, unene wa kidole! Yaani nililipia muchanga bei ya samaki. Tangu siku ile glasi inatangulia, franga inafuata.

Mahindi nayo, kama huna kipimo cha unyevu, tafuta chupa kavu kabisa, weka mahindi mpaka robo, ongeza chumvi kavu, tikisa dakika moja hivi. Chumvi ikigandama kwa chupa, ujue unyevu umepita 15%, hiyo usiingize stoki. Mi ya kuweka naitaka chini ya 13. Na yenye imeota kuvu usikubali wakuambie ukiikaanga inapona, ile sumu, aflatoksini, moto wa jikoni hauiwezi, na mahindi inaweza kuonekana nzuri tu na sumu iko ndani. Huko Uingereza mwaka 1960 bata mzinga zaidi ya 100,000 zilikufa, watu wakahangaika na ugonjwa usiojulikana, kumbe ni mashudu ya karanga kutoka Brazil. Njo maana mashudu ya bei chini siyagusi, hata wanisifie namna gani.

Soya kaanga, lakini usiunguze.

Kingine, kila nikichanganya naweka kibopo kidogo pembeni, naandika tarehe. Kuna papa mmoja alikuja hapa na makelele, provende yangu imeharibu kuku zake, majirani wote wakasikia. Nikamfungulia kibopo cha siku ile, nikamwambia leta na yako tulinganishe. Yake ilikuwa nyeupenyeupe, nusu pumba, alikuwa anaiongeza ili ifike mwisho wa mwezi. Alinyamaza kwanza, halafu akaomba maji ya kunywa.

Kuku zako mi nashuku zimekosa chokaa, kuku wa mayai anataka kalisiamu karibu 4% kwa chakula chake. Mbele ziache kutaga, maganda haikuwa inalainika? Ukipanda boti niambie, nitakuja kukungoja bandarini. Na uniletee kilo moja ya hiyo provende, lakini usichote juu tu, ingiza mkono katikati ya saki na chini kabisa.

Mdogo wako