Kiti cha Baba Yako

Mwanangu Hamisi,

Mimi sijambo, goti tu ndilo linalonisumbua. Arobaini ya baba yako imepita juzi, na Jumapili wazee wanne wameshafika barazani. Wamemaliza birika mbili za kahawa ndipo wakatoa neno: udiwani usitoke nyumba hii, aitwe Hamisi. "Mtoto wa nyoka ni nyoka," wakasema. Nikanyanyuka kwenda kuongeza tangawizi, ambayo hakuna aliyeiomba.

Usiku nikamkumbuka yule Mwingereza ambaye baba yako alikuwa akikoma kula akimsikia redioni, Tony Benn. Alikuwa mbunge wa Bristol wa chama cha Labour tangu 1950, kachaguliwa na watu. Baba yake alikuwa amepewa ulodi mwaka 1942, Viscount Stansgate, cheo cha kurithiwa. Mrithi alikuwa Michael, kaka mkubwa, rubani, lakini akafa 1944 wakati wa vita. Basi mzee alipofariki Novemba 1960, cheo kikamwangukia Tony bila hata kuulizwa. Na sheria yao ilikataa lodi kukaa Bunge la Makabwela. Kiti chake kikatangazwa wazi.

Akagombea tena, Mei 1961, akashinda, akipata kura zaidi ya 23,000. Kufika mlangoni, bawabu akamzuia. Mahakama ikampa ubunge aliyeshindwa, Malcolm St Clair. Hebu fikiria, mtu anafungiwa mlango kwa sababu ya jina la baba yake!

Hakutulia. Tarehe 31 Julai 1963 sheria ya kuruhusu mtu kuvua ulodi ikapita, na jioni ileile akauvua, wa kwanza kabisa. St Clair naye alikuwa muungwana, akajiuzulu kama alivyoahidi. Agosti 20 watu wa Bristol wakamrudisha Benn.

Wazee wanarudi Ijumaa baada ya swala. Kama unautaka udiwani, njoo uchukue fomu kama wengine, usimame mikutanoni wakuulize habari za ule mtaro wa sokoni alioacha baba yako haujaisha. Kama huutaka, nipigie kabla ya Alhamisi, nitawajibu mwenyewe.

Lile koti lake la kijivu bado liko msumarini. Mmoja wao ameshaniambia nilipige pasi, litakutosha. Halikutoshi. Mabega yako ni ya wajomba zako.

Mama yako